Kibanda Namba Saba

Watu wa Sallowby na watu wa Crostwold wanaoga bahari moja, wanakula kaa wa aina moja, na wanazikwa katika udongo uleule wa kichanga ambao kila msimu wa baridi bahari huumega kipande ikaondoka nacho. Kinachowatenganisha ni nguzo moja ya mti iliyochomekwa ufukweni, na swali moja ambalo hata makasisi wao hawajalimaliza: kati ya miji hiyo miwili, ni upi ulioanza kuwatibu Waingereza kwa maji ya chumvi?

Kwa upande wa Sallowby, jibu lilikuwa mikononi mwa Avis Pettingale. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwembamba kama mwavuli uliofungwa, na ndiye aliyesimamia makumbusho madogo ya mji yaliyowekwa katika banda la zamani la mashua ya uokoaji. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwapokea wageni, kuanzia Pasaka hadi majani yanapopukutika, akiwasimulia habari za Daktari Crowfoot, aliyeletwa Sallowby mwaka 1788 amebebwa kwenye kiti kwa jongo, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe huku akipiga mluzi. Daktari huyo aliandika kwamba maji ya Sallowby, yakinywewa asubuhi pamoja na maziwa ya moto, yanaondoa jongo, ugumba, na kisirani cha mke.

"Na kisirani cha mume?" wageni wa kike huuliza.

"Hicho hakina dawa," Avis hujibu, na hapo hata waume hucheka.

Kisha huwaeleza habari za vibanda. Zamani hizo mtu wa heshima hakuonekana akikatiza mchangani na nguo za kuogea. Aliingia ndani ya kibanda cha mbao chenye magurudumu manne, akavua nguo humo, farasi akakivuta kibanda mpaka majini, na yeye akatokea mlango wa pili na kuangukia mikononi mwa mchovyaji. Mchovyaji alikuwa mwanamke mwenye mikono kama mapaja ya ng'ombe, na kazi yake ilikuwa kukushika na kukuchovya mara tatu, utake usitake. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Martha Gedge, ambaye inasemekana alimchovya jenerali mmoja aliyerudi vitani bila kujeruhiwa, akamvunja kidole.

Avis aliyasimulia haya kwa macho yanayong'aa, na mgeni akitoka pale alitaka kukimbilia majini na viatu vyake. Jambo moja tu hakulitaja. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini, hajawahi kuingia maji yakapita vifundo vya miguu. Alipokuwa na miaka mitano shangazi yake alimdumbukiza kwa mzaha, akanywa maji, akatapika mbele ya watoto wa shule ya Jumapili. Tangu siku ile yeye na bahari wakawa majirani wa kusalimiana kwa mbali.

Basi ukaja ule mwaka wa 1976, mwaka wa jua lisilo na adabu. Mvua iligoma. Nyasi zikawa rangi ya mkate, mabomba yakafungwa mchana, na vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vikaja kwa mamilioni, vikatua kwenye aiskrimu za watoto na kwenye vipara vya wazee. Mwaka huohuo Percy Dack alirithi shamba la mjomba wake, na nyuma ya miti ya matufaha akakuta banda la kuku lenye magurudumu manne na milango miwili.

Percy hakuwa mtu wa vitabu, lakini magurudumu ya banda la kuku yalimshangaza. Akamwita Avis. Avis alipiga magoti kwenye mavi ya kuku ya miaka sitini, akakwangua ukuta kwa kisu, ikatokea namba saba nyeupe. Akalia palepale.

Habari zikafika Crostwold kabla ya chai ya jioni. Kesho yake gazeti la wilaya likapokea barua ya Clement Thirkettle, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa chama cha historia cha Crostwold, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akijibizana na Avis gazetini. Barua zao zote zilianza na "Kwa heshima zote," na baada ya hapo heshima haikuonekana tena. Safari hii Bwana Thirkettle aliandika kwamba kibanda hicho kilikuwa cha Crostwold, kiliibwa na watu wa Sallowby zama za babu zake, na kwamba kuku waliolala humo walikuwa wakilala katika mali ya wizi.

Sallowby ilijibu kwa kutangaza sherehe. Jumamosi ya mwisho ya Julai, kibanda kingeingia baharini tena, na farasi, na mchovyaji, na bibi wa kuchovywa. Percy akapewa kazi ya kukitengeneza. Sasa Percy alikuwa mtu ambaye ukimwambia apige msumari mmoja, anapiga mitatu. Alibadilisha mbao za sakafu, akaziba kila ufa kwa lami, akapaka rangi mikono minne, mmoja juu ya mwingine, akarudia lami tena.

"Hata chungu hapenyi," alijisifu.

Asubuhi ya Jumamosi yenyewe Percy aliingia makumbusho ameshika kofia mkononi. Nyuma yake alikuwepo Hepzibah Mobbs, aliyeitwa Heppie na mji mzima, mwenye duka la samaki wa kukaanga na chipsi. Heppie alikuwa amechaguliwa kuwa mchovyaji bila kura kupigwa. Ukimwangalia mikono ulijua.

"Bi Yaxley hawezi," Percy alisema. Bi Yaxley, mke wa kasisi, ndiye aliyekuwa achovywe. "Jino. Shavu limevimba utadhani amemeza tufaha zima likakwama njiani."

"Maskini," Avis alisema. "Basi tafuteni mtu mwingine."

Percy akamwangalia Heppie. Heppie akaangalia dari.

"Gauni limeshonwa la mtu mwembamba, Bi Avis," Percy alisema. "Na katika mji huu wembamba ni wewe na mlingoti wa bendera."

"Na mlingoti una kazi leo," Heppie akaongeza.

Avis alifungua kinywa aseme hapana. Lakini ukutani mbele yake kulikuwa na bango aliloliandika kwa mkono wake: MAJI YA SALLOWBY HAYAJAWAHI KUMDHURU MTU. Wageni wawili kutoka Nottingham walikuwa wamesimama wanalisoma. Akafunga kinywa.

Saa tisa alasiri ufuko ulijaa. Bendi ya matarumbeta ilikuwa imepangwa kwenye ngazi za mawe, na mkuu wa bendi alikuwa anavitoa vidudu vyekundu ndani ya tarumbeta lake kubwa. Maji yalikuwa yanajaa, bahari imetulia kama sinia. Farasi alikuwa wa Percy, mzee mweupe mwenye tumbo, aliyevuta mikokoteni ya maziwa maisha yake yote. Jina lake Askofu.

Avis aliingia kibandani amevaa gauni zito la flaneli lililomfika vifundoni na kofia ya kitambaa kilichopakwa nta, iliyomfika nyusi. Ndani kulikuwa na giza, joto la tanuri, na harufu ya lami iliyoshindana na harufu ya kuku bila kuishinda. Mlango ukafungwa. Akasikia Percy anasema, "Twende, Askofu, baba," kisha magurudumu yakalia, kisha yakanyamaza, na chini ya sakafu akasikia maji yanalamba mbao.

"Ee Mungu," Avis alisema kimyakimya, "mlete mtu avunjike mguu, asiwe mtu mbaya, awe wa kawaida tu, ili sherehe iahirishwe."

Mungu alikuwa na mpango mwingine. Desturi ya kazi ile ni kwamba kibanda kikishafika majini, farasi hufunguliwa upande mmoja akafungwe upande wa pili, ili akivute kurudi. Percy alimfungua Askofu. Askofu, ambaye miaka ishirini alizoea kwamba akifunguliwa kazi imekwisha, akageuka akatoka majini, akaelekea moja kwa moja kwenye meza ya keki za akina mama wa kanisa. Percy akamfuata akipiga kelele. Na hapo likaja wimbi dogo, wala si wimbi la kuandikiwa barua, likapita chini ya kibanda, na kibanda kikanyanyuka.

Kikaelea.

Heppie alikuwa amesimama nyuma yake, maji yakimfika kiunoni, anamsubiri mtu wa kuchovya. Alipoona ngazi zinamwondokea akazishika kwa mikono miwili. Ilikuwa mikono iliyowahi kubeba gunia la viazi kila bega, lakini bahari haibebwi. Kibanda kikamvuta mpaka miguu yake ikakosa chini, naye akaona heri kuingia kuliko kuburutwa. Akapanda, akafungua mlango, akamkuta Avis ameshikilia kulabu ya nguo kwa mikono yote.

"Tumefika?" Avis aliuliza.

"Tumepita," Heppie alisema.

Mkondo wa pwani ile, maji yakijaa, huelekea kusini. Na kusini ni Crostwold.

Ufukweni watu walipiga makofi, wakidhani ndivyo sherehe ilivyopangwa. Mkuu wa bendi naye alidhani hivyo. Akashuka ngazini na wapigaji wake wote, wakaanza kutembea sambamba na kibanda, wakipiga muziki wa furaha, wakiruka kingo za mbao zinazozuia mchanga usichukuliwe, moja baada ya nyingine, bila kuacha kupuliza. Percy, mkononi ana kamba ya Askofu asiyetaka kuacha keki, alipaza sauti:

"Bi Avis! Vuta breki!"

"Breki ipi, Percy?"

Percy akafikiri. "Hakuna! Samahani! Nimekumbuka hakuna!"

"Iitwe mashua ya uokoaji!" mtu mmoja alisema.

"Ya wapi?" mwingine akauliza. "Iliyopo siku hizi ni ya Crostwold."

Wajumbe wa kamati wakatazamana. Bahari ilikuwa shwari, kibanda kilikuwa wima, na wimbo ulikuwa mzuri. "Tusiwe na haraka," mmoja alisema.

Ndani ya kibanda Heppie alikaa sakafuni, maji yanamchuruzika. Aliangalia kona zote, akapapasa mbao.

"Kinazama?" Avis aliuliza, macho kayafumba.

"Hakizami, na hilo ndilo tatizo letu. Percy amekiziba hiki kitu utadhani ametutuma Norway."

"Heppie."

"Nipo, shoga."

"Mimi siwezi kuogelea."

"Wengi hawawezi. Mume wangu alivua miaka thelathini na hakuweza."

"Hunielewi. Sijawahi kuingia. Kabisa. Mwisho wangu hapa." Akanyanyua pindo la gauni akaonyesha kifundo cha mguu.

Heppie alikitazama kile kifundo. Kisha bega moja likaanza kumtikisika, likafuata la pili, na kicheko kilipomtoka kibanda kiliinama upande, Avis akapiga ukelele.

"Miaka kumi na tisa, Avis! Miaka kumi na tisa unawasukuma watu wa Leicester majini! Unawasifia maji kama kasisi anavyosifia pepo, kumbe hata ukucha hujachovya!"

"Na kasisi naye alishakwenda peponi akarudi?" Avis alisema kwa hasira. "Mbona yeye hamumcheki?"

"Hilo nalo neno," Heppie alikiri, akajifuta machozi. Akamsogelea, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto na unanukia siki. "Tulia. Chini yetu hapa hakuna kina. Tutakwama tu mahali. Swali ni mahali gani."

Walipita nguzo ya mpaka saa tisa na dakika arobaini. Avis aliiona ikipita kwenye kidirisha, imesimama kama askari asiyejua apige saluti au asipige. Bendi ya Sallowby ilifika pale ikasita, mguu mmoja mbele, kisha mkuu wa bendi akasema historia itawahukumu, wakavuka.

Ufuko wa Crostwold siku hiyo ulikuwa na mashindano ya kujenga ngome za mchanga, na jaji alikuwa Clement Thirkettle. Alivaa suruali nyeupe na kofia ya majani, mkononi ana kipaza sauti cha kushika. Alikuwa ameinama anapima mnara kwa rula alipoona watu wameacha kumsikiliza. Akainuka. Akakiona kibanda kilichopakwa rangi ya samawati, namba saba ubavuni, kinakuja taratibu na muziki, mpaka kikapanda fungu la mchanga hatua ishirini kutoka nchi kavu, kikajikwaruza ubavu kwenye kingo za mbao za zamani, kikasimama.

Walioshuhudia wanasema alivua kofia na kuangalia juu mbinguni, kama mtu anayeshukuru.

"Bibi Pettingale!" kipaza sauti kilinguruma. "Kwa heshima zote, karibu Crostwold! Naona umetuletea wewe mwenyewe."

Mlango ukafunguka. Avis akatokea kwenye ngazi, kofia ya nta imemwendea upande. Kati yake na mchanga mkavu kulikuwa na maji ya kijivu, ya kiunoni.

"Hatukuleta kitu, Bwana Thirkettle. Tumekwama."

"Haswa! Na kwa hati ya mfalme tuliyopewa miaka mia sita iliyopita, kila kitakachotupwa na bahari kati ya ile nguzo na lile genge linalomegwa na bahari ni mali ya Crostwold. Mbao, mapipa, nyangumi, na vibanda."

Watu wa Crostwold wakashangilia. Avis alihofia maji, lakini hakumhofia mwanadamu yeyote aliyenukuu hati nusunusu.

"Soma sheria mpaka mwisho, mwalimu!" alipaza sauti. "Sheria ya zamani ya wafalme inasema: akitoka humo hai mtu, au mbwa, au paka, basi hicho si mali iliyotupwa na bahari. Kina mwenyewe. Au wewe unasomaga kurasa za mbele tu?"

Watu wa Sallowby, waliokuwa wamefika wanahema, wakashangilia zaidi. Bwana Thirkettle alifikiri. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, na sheria ile aliijua.

"Ni kweli," alisema. "Lakini imesema akitoka. Mimi hapa naona mtu amesimama ngazini. Sijaona aliyetoka."

"Basi leteni mashua."

"Akichukuliwa na mashua ya Crostwold, ameokolewa. Kuokolewa si kutoka."

"Hilo umelitunga sasa hivi!"

"Nimelifasiri," Bwana Thirkettle alisema kwa heshima.

Heppie alijitokeza mlangoni, akaujaza. "Ngoja mimi nishuke tuyamalize haya. Samaki wangu wanaoza."

"Hepzibah," kipaza sauti kilisema, taratibu kidogo, "wewe umezaliwa Crostwold. Mtaa wa Kanisani. Nilikaa nyuma yako darasani miaka minne sikuona ubao. Wewe ukishuka umerudi nyumbani tu."

Heppie akageuka kwa Avis. "Hilo ni kweli," alinong'ona. "Nilitaraji wamesahau."

Basi ikabaki hivyo. Upande huu watu wa Crostwold, upande ule watu wa Sallowby na bendi iliyoishiwa pumzi, katikati maji. Kila mtu alikuwa anamtazama Avis Pettingale, mwanamke aliyeyajua maji yale kuliko wote. Huko ufukweni hakuna aliyeelewa anangoja nini.

"Nikubebe?" Heppie aliuliza chinichini.

"Utakuwa mtu wa Crostwold aliyeniokoa."

"Nikusukume?"

"Thubutu."

Avis alishuka ngazi ya kwanza. Maji yakamshika vifundo, mpaka wake wa zamani. Akashuka ya pili, yakamshika magoti, na ingawa ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote, bahari ile haikuwa na habari na mwaka. Baridi ilimpanda hadi kwenye meno. Ya tatu haikuwepo. Ilikuwa imekatika kwenye zile mbao. Mguu wake ulitafuta, ukakosa, na Avis Pettingale, gauni na kofia na miaka hamsini na mitatu ya kusalimiana kwa mbali, akazama mzima.

Huko chini kulikuwa na kimya. Hilo alilikumbuka baadaye. Kimya, na rangi ya kijani, na gauni lake likimzunguka kama limepata mawazo yake lenyewe. Akanywa maji. Akakanyaga mchanga. Akasimama, na alipogundua kwamba akisimama kichwa kiko hewani, na mabega, na hata kifua, aliona aibu ya jinsi alivyokuwa ameogopa kitu kifupi namna ile. Kofia ilikuwa imekwenda. Nywele zilimshuka usoni kama mwani. Alitembea hatua ishirini, akisukuma maji kwa mapaja, akipigwa mgongoni na wimbi moja na jingine, hadi alipokanyaga mchanga mkavu mbele ya viatu vyeupe vya Clement Thirkettle. Akatema maji pembeni.

"Mbwa," alisema, "paka, na Avis Pettingale."

Pande zote mbili zilipiga makofi. Bwana Thirkettle aliweka kipaza sauti chini, akavua koti lake, akamvika mabegani.

Vijana wa Crostwold waliingia na kamba, wakakivuta kibanda nje, Heppie akiwa bado ndani anawaelekeza kama nahodha. Watu wakakizunguka wakipiga picha. Avis, ambaye jicho lake la kazi halikulala hata likiwa na chumvi, ndiye aliyeuona ule ubavu uliojikwaruza. Rangi ya Percy ilikuwa imebanduka, mikono yote minne, na lami pamoja nayo, na chini ya namba saba kulikuwa na maandishi aliyokuwa hajayafikia kwa kisu chake siku ile ya kuku. Alisoma mara moja. Akaegemeza mgongo pale, koti la Bwana Thirkettle likayafunika.

Hakuna aliyeona. Angeweza kuegemea vile mpaka Percy afike na ndoo ya rangi. Percy hakutoka bila ndoo. Alisimama hivyo muda wa kupumua mara tano, sita. Alimwona Bwana Thirkettle anaokota rula yake mchangani, amenywea, mtu aliyeshindwa mbele ya mji wake na anajitahidi kuwa muungwana.

"Clement," Avis aliita. Hakuwahi kumwita hivyo. "Njoo uone kitu."

Akasogea pembeni. Herufi zilikuwa za kizamani, zenye mikia: *J. Thirkettle na Wanawe, Crostwold.*

Clement Thirkettle alisoma. Akakaa chini kwenye mchanga uliolowa na suruali yake nyeupe.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Si wewe mwenyewe uliyeandika hivyo gazetini?"

"Nilikuwa naandika tu!" Clement alisema. "Babu yangu akilewa alikuwa anasema baba yake alikuwa na vibanda tisa vya kuogea. Na mama yangu anamwambia, nyamaza mzee, baba yako alikuwa na banda moja la bata. Nani angejua ilikuwa kweli?"

Avis alimwonea huruma, akakaa naye, kwa kuwa yeye alikuwa ameshalowa na hakuwa na cha kupoteza. Wakaletewa chai na mikate ya kaa. Walibishana hapo saa nzima, bila barua, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja kila mmoja alimwacha mwenzake amalize sentensi. Clement alikubali kwamba Daktari Crowfoot alitibiwa Sallowby. Avis alikubali, kwa shida, kwamba usiku wa kwanza alilala Crostwold. Kuhusu Martha Gedge, alikuwa wa mji upi, hawakufika popote, na hawajafika mpaka leo.

"Kibanda ni chenu," Avis alisema mwisho. "Kichukue."

"Nikiweke wapi? Ukumbi wetu ulichukuliwa na mafuriko ya mwaka hamsini na tatu. Chama chetu kinakutana jikoni kwangu." Alitazama mabaki ya genge, nyumba moja imekaa ukingoni kama mtu anayefikiria kuruka. "Acha kikae kwenu. Ila kibao kiandikwe Crostwold, kwa herufi kubwa kuliko Sallowby."

"Sawasawa na Sallowby."

"Kubwa kidogo."

"Sawasawa, na jina la mababu zako peke yake kwenye mstari wake."

Clement akanyoosha mkono, wakashikana.

Percy alifika saa kumi na mbili na Askofu, ndoo mkononi. Alipoelezwa yaliyotokea alikagua sakafu ya kibanda, akapiga goti, akapapasa. "Kikavu," aliwaambia watu waliomzunguka, kwa fahari tupu. "Mmeona? Kikavu kabisa."

Mvua ilirudi mwishoni mwa Agosti, yote kwa pamoja, na Septemba wageni walikuwa wachache. Ijumaa moja Avis aliingia kwa Heppie kununua samaki, nywele zimelowa maji ya bahari, kitambaa cha kujifutia shingoni. Kwenye foleni kulikuwa na mume na mke kutoka Leicester, na Heppie alikuwa anawamwagia chipsi siki na maneno.

"...mawimbi marefu kama kanisa," alikuwa akisema. "Maili tatu tulichukuliwa. Nikamshika kwa mkono huu, na kwa huu nikapiga kasia. Na nyuma yetu papa."

"Papa!" mke alisema. "Huku?"

"Muulizeni mwenyewe huyo hapo. Yeye ni mtu wa historia, hawezi kudanganya."

Wote wawili wakageuka. Avis alichukua chipsi moja kwenye karatasi ya Heppie, akaipuliza, akaila polepole.

"Si papa," alisema.

Heppie akamkazia macho.

"Papa wawili," Avis alisema. "Na ongeza siki, shoga, unabana sana leo."